Swali la Tisa

Shingo ya Daktari ilikuwa inchi kumi na nne na robo. Fundi aliizungushia tepu, akapitisha vidole viwili kati ya tepu na ngozi kama ilivyo desturi, ili mwenye shingo apate nafasi ya kumeza mate, kisha akavitoa vile vidole. Alikuwa na pini tano mdomoni. Mtu mwenye pini tano mdomoni halazimiki kujibu salamu wala maswali, na fundi alishukuru kwa hilo, maana maneno yaliyokuwa nyuma ya zile pini hayakuwa ya kumwambia mteja.

"Isibane sana, mama," Daktari alisema kwa ile sauti yake ya chini, sauti ya kulazia watoto. "Nitalivaa tangu asubuhi mpaka alasiri. Hotuba peke yake saa nzima, halafu picha."

"Mm," fundi akajibu.

Daktari akajitazama kwenye kioo kirefu kilichoegemezwa ukutani. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mnyoofu, nywele fupi zenye mvi za kupendeza. Jumamosi angepewa uprofesa, na joho jeusi lenye mikunjo myekundu mikononi lilikuwa bado vipande vipande juu ya meza.

"Na binti anaendeleaje?" akauliza.

Fundi akaikaza tepu. Hakuikaza sana, robo inchi tu. Daktari akakohoa kidogo, fundi akalegeza, akaandika namba kwenye daftari, akazitema pini kiganjani moja baada ya nyingine.

"Yupo," akasema.

Na kweli alikuwepo, tena karibu. Nyuma ya pazia lililotenga duka na chumba cha kulala, binti mwenyewe alikuwa amelala amegeukia ukuta, macho wazi, akisikia kila neno.

Mtu atauliza Daktari alipata wapi uso wa kuingia duka lile. Alikuja kwa sababu fundi ndiye aliyeshona makoti meupe ya hospitali nzima kwa miaka kumi na moja, na hapakuwa na mkono mwingine uliojua kulikalisha bega kama wake. Pengine alikuja pia kuonyesha kwamba hana kinyongo. Wako watu wa namna hiyo duniani: wanakuumiza wao, halafu wanakusamehe wao.

Binti jina lake la nyumbani lilikuwa Redio. Alilipata akiwa na miaka mitatu, kwa kusema kutwa bila kituo: taarifa ya habari, matangazo, vichekesho, hata vifo vya majirani ambao walikuwa hai na wanasikia. Mjomba wake, mchomelea vyuma asiyekosa mzaha, ndiye aliyempa jina hilo. Alipofika miaka kumi na mitatu mambo yakageuka. Zikaja wiki ambazo redio haikuzimika: binti hali, halali, anaanzisha magauni sita kwa mpigo, anawafundisha walimu wake kazi, anacheka peke yake mpaka machozi. Kisha ghafla kimya. Anageukia ukuta, anajifunika shuka gubigubi, na hata maji hanywi mpaka mtu amnyanyue kichwa. "Betri imeisha," mjomba alisema mara ya kwanza. Mara ya pili hakusema kitu, alikaa mlangoni akikuna mikono yake yenye makovu ya moto.

Hospitalini ugonjwa ulipewa jina, na Daktari akawaeleza vizuri, hilo hawezi kunyimwa. Akasema moyo wa binti unapanda kupita kiasi na kushuka kupita kiasi, na kule chini ndiko kwenye hatari. Dawa ipo, watu wazima wameitumia miaka mingi. Kwa watoto bado haijulikani vizuri, ndiyo maana wanaijaribu. Fundi akauliza kwa nini basi wasimpe nusu ya kidonge cha mtu mzima.

"Wewe ni fundi," Daktari akasema. "Ukitaka kumshonea mtoto suruali, unachukua ya baba yake ukaikata miguu?"

Fundi alicheka. Alijua kuliko mtu yeyote mle ndani kwamba suruali ya baba iliyokatwa miguu ni suruali ya baba tu: kiuno kinapwaya, na goti linaangukia mahali pasipo goti. Maneno yale yakamwingia. Akasaini. Binti naye akasaini yake, maana mtoto asiyetaka halazimishwi, akachora na ua pembeni.

Waliambiwa kila kitu waziwazi. Watoto ni thelathini, wiki ni nane. Nusu yao watapata dawa, na nusu watapata kidonge kinachofanana nayo kwa rangi na ukubwa ila ndani hamna kitu. Nani anapata nini, hajui mtoto, hajui mzazi, hajui hata Daktari. Siri imo kwenye bahasha zilizofungwa, kabatini kwa mfamasia. Kila Alhamisi mtoto ataingia kwa Daktari peke yake, ajibu maswali kumi na mawili, na kila jibu liandikwe kwa namba, kuanzia sifuri mpaka tatu. Fomu ilikuwa ya kurasa tatu zenye kaboni katikati: nyeupe ya wenye utafiti, ya njano ya faili, ya pinki inatiwa kwenye bahasha anapewa mzazi. Na swali la tisa lilikuwa na sheria yake peke yake. Swali la tisa liliuliza kama mtoto anawaza kufa. Akijibu mbili au tatu, anatolewa kwenye majaribio siku hiyo hiyo, anaanzishiwa matibabu yanayojulikana, na halali bila mtu wa kumwangalia.

Alhamisi ya wiki ya tano Redio aliingia, akatoka, fundi akapokea bahasha yake, wakarudi nyumbani. Jumanne iliyofuata binti alijaribu kujitoa uhai. Mjomba ndiye aliyevunja mlango, na aliuvunja kwa wakati. Mengine ya siku ile hayasemwi katika nyumba ile mpaka leo.

Alipolazwa, mfamasia alilazimika kuifungua bahasha yake ili waganga wajue alichokuwa anameza. Vidonge vyake vilikuwa vitupu. Watu walidhani hilo ndilo litakalomtia fundi wazimu, lakini hapana. Kidonge kitupu aliambiwa, na mkono wake ulisaini. Ni bahati nasibu, na mwenye kucheza bahati nasibu hagombani na namba. Sasa binti alikuwa anapewa dawa yenyewe, miezi mitatu, na alikuwa anakula, anaoga, anakaa kidogo juani. Kusema ndiko kulikogoma. Siku nzima angetoa maneno manne, na mawili kati ya hayo yalikuwa "sitaki" na "asante".

Kilichomtia fundi wazimu alikipata dukani kwake mwenyewe, mwezi mmoja kabla ya Daktari kuja kupimwa joho. Fundi huyu hakuwahi kutupa karatasi. Magazeti, mifuko ya saruji, kalenda za miaka iliyopita, zote zilikatwa zikawa violezo vya mikono, mifuko na kola, zikatundikwa kwenye msumari. Fomu za pinki zilikuwa ngumu vizuri na hazijikunji pembeni, kwa hiyo kila Alhamisi alipofika nyumbani alizikata. Kuzisoma hakuzisoma. Namba tupu, tena za kaboni iliyofifia, nani azisome? Na Daktari si amezisoma?

Siku hiyo alitafuta kiolezo cha kola ndogo, akakitoa msumarini, akakiinua dirishani kutazama kama kingo zake zimechakaa. Mwanga ukapita. Akaona tisa, na mbele ya tisa akaona tatu. Akatafuta kipande chenzake, kilichokuwa kiolezo cha mfuko, akaona tarehe na namba ya mtoto wake. Wiki ya tano. Akakaa juu ya kiti cha cherehani, mguu ukakanyaga pedeli bila yeye kujua, na mashine ikashona hewa.

Kesho yake alikwenda kwa nesi wa utafiti, mama mmoja mnene aliyekuwa akimpenda Redio kwa vichekesho vyake. Nesi alifunga mlango, akafungua faili. Kwenye ukurasa wa njano, mbele ya swali la tisa, palikuwa na doa la wino mweupe wa kufutia, na juu ya doa sifuri ya duara safi.

"Wiki ile watoto wawili walikuwa wameshatoka," nesi alisema kwa sauti ndogo. "Angetoka wa tatu, wangesimamisha kila kitu. Mimi sikujua, dada. Ningejua ningepiga kelele. Na baada ya miezi miwili wanaanza na watoto wa miaka kumi. Ipo kamati ya maadili, ghorofa ya pili. Ipeleke karatasi yako."

"Nitaipeleka," fundi akasema.

Hakuipeleka. Mara mbili alifika kwenye ngazi za ghorofa ya pili, na mara mbili alisikia swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza: na wewe mama, nakala hii ulipewa siku gani? Akageuka akarudi zake. Njiani alijiambia kwamba kamati na Daktari ni baba mmoja mama mmoja, kwamba maskini hana haki, na mengine ambayo mtu hujiambia akitaka kupumzika.

Badala yake akajifungia kisasi moyoni. Na tusidanganyane, kisasi kinanenepesha. Fundi aliyekuwa anarudisha sahani imejaa sasa alimaliza chakula. Alilala fofofo. Asubuhi aliamka na hamu, akamwona Daktari kwa macho ya ndani akianguka kwa namna hii na namna ile, akapiga mswaki akitabasamu. Kwa hiyo kazi ya joho ilipoletwa, aliipokea kwa mikono miwili.

"Dada, una akili timamu?" mjomba alifoka aliposikia. "Huyu mtu unamshonea? Kikulacho ki nguoni mwako, hujasikia? Nipe ruhusa mimi nikalichomelee lile gari lake. Milango yote minne, yeye akiwa ndani."

"Nenda kafanye kazi yako."

"Hata miwili?"

"Nenda."

Kwanza alikusudia mikono. Angeiunga kwa uzi dhaifu wa kushikizia tu, ili Daktari atakapoinua mkono wa kulia mbele ya wakubwa na kamera, mkono wa joho uporomoke mpaka kwenye kiwiko, umati wote ucheke. Aliushona hivyo mkono wa kulia Jumatatu. Jumanne asubuhi alipouona, akaufumua wote akaurudia kwa mshono wa maradufu. Mkono uliozoea kushona vizuri ni mkaidi, hautumwi kazi mbaya.

Ndipo akafikiria kola. Kola ya joho husimama, na ili isimame lazima utie kitu kigumu ndani. Angetia kile kiolezo cha pinki. Ile tatu yenyewe, kwa mkono wa Daktari mwenyewe, ingekaa kwenye shingo ya Daktari siku ya utukufu wake, imkwaruze, ichakarike kila akigeuka, na asijue ni nini maisha yake yote. Na karatasi ingepotelea humo, isionekane tena na mtu yeyote. Fundi hakujiuliza kwa nini hilo la mwisho lilimpendeza sana.

Jumatano mchana, jua likipita dirishani, aliitandaza kola nyeusi mezani, akaweka kile kipande cha pinki juu yake, akachukua mkasi kukipunguza. Pazia likavutwa. Redio alitoka, shuka mabegani, akitafuta maji. Akasimama.

"Hiyo ni fomu," akasema.

Fundi akaweka kiganja juu ya karatasi. "Kiolezo tu, mwanangu."

"Ni fomu yangu." Akakisogeza kiganja cha mama yake taratibu, kidole kwa kidole. "Hii ni tatu yangu."

Hayo tu yalikuwa maneno mengi kuliko ya siku nzima ya jana.

"Aliniuliza, nikamwambia tatu," Redio akaendelea, akiitazama karatasi. "Akaandika huku naona. Halafu akasema nakala moja anapewa mama. Anasemaga hivyo kila Alhamisi. Mimi ndiyo maana nikasema, mama. Kwako nilikuwa siwezi. Mdomo ulikuwa unakataa. Nikasema acha niseme kwa namba, mama akifika nyumbani atasoma."

Nje mtu alipita akipiga mluzi. Mluzi ukaenda, ukaisha.

"Jioni ile nilikuja nikakaa pale, karibu na mashine. Nikasubiri useme kitu. Ukaniambia, 'Inua shingo nikupime.' Ukanipima, ukaendelea kushona. Nikajua basi. Umesoma, umenyamaza."

Fundi alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa, moja ikaanguka sakafuni, hakuiokota.

"Sikusoma," akasema.

Redio akamtazama.

"Haki ya Mungu, mwanangu, sikusoma. Sikusoma hata moja. Zote nilikuwa nazikata. Hiyo niliikata kola."

"Kola ya nani?"

Mtu angeweza kudanganya hapo. Fundi alilitafuta jina la mteja yeyote, na majina yote yakamkimbia.

"Yako," akasema. "Ya shati la shule. Ulikuwa umekonda, ile ya zamani ilikuwa inakupwaya."

Binti akaketi chini palepale, shuka na yote. Bega likaanza kumtikisika, na fundi hakujua ni kicheko au kilio, na nadhani mwenyewe hakujua. Basi mama naye akashuka chini, magoti yakalia, akamshika. Katika miaka yake yote hakuwahi kumwomba mtoto msamaha, kwani kwao mzazi huomba maji tu. Aliomba siku hiyo. Aliomba vibaya, kwa kurudiarudia, bila mpangilio, na machozi yake yakamlowesha Redio nywele. Uchungu wote aliokuwa amempelekea Daktari kwa mwezi mzima ulikuwa umepata njia ya kurudi nyumbani.

Walikaa hivyo mpaka jua likahama dirishani.

"Na sasa ulikuwa unaifanya nini?" Redio akauliza, pua imeziba.

"Naitia kwenye joho lake."

"Ili iweje?"

"Imkwaruze."

"Akikwaruzwa ndiyo nini? Mama, si nilikusikia ukimwambia mjomba mwezi ujao wanaanza na watoto wa miaka kumi? Mtoto wa miaka kumi akisema tatu, atamwandikia ngapi?"

Fundi akaitazama ile karatasi juu ya meza.

"Ile dawa inanisaidia," binti akasema. "Polepole, lakini naisikia. Asubuhi naamka naona dirisha kabla sijaona ukuta. Wewe usiwanyime watoto dawa. Mnyime yeye kalamu."

"Wataniuliza nilipewa siku gani."

"Watakuuliza."

"Nitawaambia nini, Redio?"

"Utawaambia kola."

Alhamisi asubuhi fundi alivipanga vile vipande vya pinki juu ya meza: kola, mfuko, na vibanzi viwili vilivyokuwa bado msumarini. Vikakutana. Gundi aliikataa, gundi huachia. Akaviunga kwa mashine, mshono mrefu, uzi mwembamba, akimshikisha binti ncha ya pili ili karatasi isichanike. Redio alivaa shati la shule kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na kola ilimkaa sawasawa. Hakuna aliyelisema hilo.

Karani wa kamati, ghorofa ya pili, aligeuzageuza karatasi, akainua miwani.

"Hii mbona imeshonwa?"

"Ilikuwa imekatwa," fundi akasema.

"Nani aliikata?"

"Mimi."

"Ulipewa lini?"

Basi ndilo lile swali. Lilikuwa dogo kuliko alivyolisikia kwenye ngazi, ila lilikata vilevile. Fundi akaitaja tarehe. Akasema alipewa akaitia mkasi bila kuisoma, na kwamba hilo nalo liandikwe, lisiachwe. Karani akaliandika. Akampigia simu nesi, nesi akaja na faili ya njano akihema kwa ngazi, vikawekwa pamoja tatu na sifuri, na karani akazitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama namba mbili. Akagonga mhuri. Kamati itakaa Jumatatu, akasema, na Daktari ataitwa kwa barua.

Walipokuwa wanateremka, Redio akasimama katikati ya ngazi. "Tungetoa nakala."

"Ya nini? Wao wanayo."

"Ya kola," Redio akasema.

Fundi akamtazama mtoto wake. Halafu wakarudi kumwomba karani ashuke na karatasi, wakaingia naye kwenye kibanda cha kutoa nakala, mama na mtoto mkono kwa mkono. Haya, nani alisema mtu akishatubu anakuwa malaika? Alasiri ile walifanya kazi pamoja, na binti ndiye aliyeongoza: "Sogeza kushoto. Bado. Sasa swali la tisa limekaa katikati, kisogoni." Fundi akashona. Hakuwahi kushona kola nzuri kama ile.

Ijumaa saa tano Daktari alikuja kuchukua joho lake. Alilivaa mbele ya kioo, fundi akamfungia kishikizo cha shingoni. Mabega yalikaa. Mikono ilianguka kama inavyotakiwa, wekundu ukaonekana kila alipoinua kiganja. Daktari akajigeuza huku na huku, macho yakamlegea kwa furaha.

"Mama, una mkono wa dhahabu." Akageuza shingo tena. "Ila kola inachakarika. Kuna karatasi humu?"

"Ipo."

"Ya kazi gani?"

"Isimame."

Pazia likavutwa. "Shikamoo, Daktari," Redio akasema.

"Marahaba! Ehee, redio imerudi hewani!" Daktari alifurahi kwelikweli, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. "Umependeza. Hali yako?"

"Jana ilikuwa Alhamisi. Hukuniuliza swali la tisa."

Tabasamu la Daktari likabaki mahali pake, lakini hakuna mtu tena aliyekuwa analishikilia.

"Leo ni moja," Redio akasema. "Siku ile ilikuwa tatu."

"Binti." Daktari akamtazama mama, akamtazama mtoto. "Ulikuwa ukumbini unacheka na nesi, dakika kumi kabla. Mimi nimewaona watoto wengi. Nilidhani unasema tu."

"Ndiyo ukadhani sifuri?" fundi akauliza.

"Ningemtoa, wangefunga. Kulikuwa na watoto pale wanapona, mama, wanarudi shule. Thelathini kwa mmoja. Wewe ungefanyaje?"

Lilikuwa swali la haki kuliko fundi alivyopenda. Alilipa nafasi yake, akalitazama.

"Mimi nilichofanya nimekieleza kwa kamati," akasema. "Na wewe utaeleza chako. Jumatatu saa tatu. Barua imeshatoka. Karatasi yenyewe wanayo wao, hiyo ya shingoni ni nakala."

Mkono wa Daktari ukapanda shingoni. Ukagusa kola, ukaondoka haraka, ukarudi. Karatasi ikalia chini ya vidole.

"Itoe," akasema. Ile sauti ya kulazia watoto haikuwepo.

Fundi akachukua mkasi mdogo wa kufumulia, akaugeuza, akamnyoshea upande wa kushikia.

"Kuifumua ni saa moja. Kuirudishia ni siku nzima, na sherehe ni kesho. Fumua, Daktari, ukipenda. Nguo ni yako."

Hakuuchukua. Alilivua joho mwenyewe, akalikunja vibaya, akaondoka nalo kifuani. Fundi alibaki ameushika mkasi. Alikuwa ameungoja utamu wa saa hiyo kwa mwezi mzima, na ulikuja kweli, ukamjaa mdomoni. Hadi Daktari anavuka barabara ulikuwa umeisha.

Jumamosi fundi hakwenda kokote. Mjomba alikwenda, akasimama langoni na fulana yake ya kazi, akarudi alasiri akicheka kuanzia njiani.

"Amelivaa!" akatangaza. "Saa nzima ya hotuba hajageuza shingo! Wanamwita kushoto, anageuka mwili mzima na miguu. Huyo atakufa na tai shingoni, nakwambieni!" Akamwona dada yake hacheki. "Vipi? Si ndicho ulichotaka?"

"Ndicho," fundi akasema. "Kaa ule."

Yeye alikuwa na kazi mezani. Redio alikuwa ameanza kunenepa kwa dawa na kwa chakula, na lile shati la shule lilikuwa linaelekea kumbana. Alimsimamisha mbele ya kioo, akachukua tepu.

"Inua shingo nikupime," akasema, na neno likamsimamia njiani.

Akaziweka pini zote mezani. Akaizungusha tepu, akapitisha vidole viwili kati ya tepu na ngozi, na safari hii hakuvitoa. Chini ya vidole mshipa ulikuwa unapiga.

"Swali la tisa," akasema.

Redio alitazama juu darini, shingo imeinuliwa, akafikiri. Mjomba akaacha kutafuna. Fundi akasubiri, macho kwenye mdomo wa mwanawe.